Mzee Mikono-Juu Anaondoka na Vidole Vyote Kumi

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, baada ya kuitumikia nyumba yetu ya uchapishaji kwa miaka thelathini na minne, mkataji wetu wa karatasi atastaafu rasmi. Atafunika mashine yake kwa turubai, atatundika aproni kwenye msumari, atarudi kwake. Anaondoka na afya, na heshima zake, na vidole vyote kumi. Wanaoijua kazi hii hawatashangaa kuona nimeanza na vidole. Wasioijua wasogee karibu.

Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu mimi ndiye niliyefanya kazi naye kwa karibu miaka hii ya mwisho, na kwa sababu wenzangu wote walipoulizwa walikumbuka ghafla kuwa wana shughuli. Naandika huku mwanangu mdogo amenilalia mkono wa kushoto na mkubwa anataka kujua kama nimemaliza. Penye kupinda, mtanyoosha wenyewe.

Nyumba yetu ni ndogo. Chumba cha mbele kinatazama mtaa, na humo mna dawati la mkurugenzi, simu, na rafu ya vitabu vyote tulivyowahi kutoa. Chumba cha kati kina meza ndefu ya kukunjia na kukusanyia kurasa. Chumba cha nyuma kina dirisha moja na ukuta mnene wa mawe ambao kila msimu wa unyevu hutoka jasho la chumvi. Humo ndimo ilimo mashine. Milango ya ndani iliondolewa zamani, zikabaki fremu, kwa hiyo anayepiga chafya nyuma huombewa afya mbele. Tunachapisha watu wa hapa hapa kwenye mji huu mkongwe: mwalimu aliyestaafu, fundi cherehani anayeandika hadithi za mapenzi, karani wa bandari mwenye mashairi yake, mkunga. Wote hao, awe mwenye jina au asiye na jina, vitabu vyao vimepita chini ya kisu kimoja.

Kisu chenyewe ni kirefu kuliko mkono wa mtu mzima. Unapanga rundo la vitabu, unalibana, unakanyaga pedali, nacho kinashuka. Hakina haraka wala hakina macho. Kinapita kwenye rundo la vitabu kama kwenye mkate laini, sasa kidole ni kitu gani kwake.

Mzee aliirithi mashine hii kwa mjomba wake. Mjomba alikuwa fundi hodari, hakuna anayebisha, na alistaafu na vidole saba. Inasimuliwa kwamba siku moja mjomba aliketi mgahawa wa jirani na wenzake wanne, akaagiza chai ya watu watano kwa kuinua kiganja cha kulia. Zikaja mbili. Mjomba mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote. Mpwa wake, ambaye ndiye huyu mzee wetu, wakati huo kijana aliyeoa juzi tu, alikipeleka kile kichekesho nyumbani jioni akitarajia kucheka na mkewe. Mkewe hakucheka. Alimshika mikono, akaitazama mbele na nyuma, akamwambia, "Mimi nimepewa mume mwenye vidole kumi. Siku utakayoleta tisa, utalala kwa mjomba."

Tangu jioni hiyo mama huyu ana utaratibu wake. Mzee akitoka kazini humkuta mlangoni. Hamuulizi umechoka, hamuulizi umekuja na nini. Anamwambia, "Leta." Mzee analeta mikono. Ikishakaguliwa ndipo anatazamwa uso, na ndipo chai inamiminwa. Watoto wao wamekua wakidhani kila nyumba duniani baba hupokelewa hivyo.

Na huku kazini Mzee akaweka utaratibu wa kwake. Kabla ya kukanyaga pedali, yeye huweka mikono yake nyuma ya mgongo, huinua kichwa, na kusema, "Mikono juu." Hapo kila aliyemo ndani ya nyumba huinua mikono yote miwili. Simaanishi aliye karibu na kisu peke yake. Wote: anayekunja, anayekusanya, anayefagia, mgeni aliyekuja kuuliza bei. Mzee anatupa jicho vyumba vyote vitatu kupitia zile fremu, akiridhika anakanyaga. Mkurugenzi, aliye mbele kabisa kwenye simu, huibana simu kwa bega na kuinua mikono kama mwenzake wa nyuma. Zamani aliwahi kulalamika kwamba kisu hakiwezi kumfikia pale alipo. Mzee akamjibu, "Kisu hakifiki, mama. Mazoea yanafika." Maneno yakaisha.

Yule karani wa bandari, siku alipoleta mashairi yake mara ya kwanza, alifungua mlango wa mbele akakuta watu wote wameinua mikono, kimya, wanatazama chumba cha nyuma. Aligeuka, akakimbia mpaka kona ya mtaa na mashairi kwapani, akawaambia wenye maduka kwamba tumevamiwa. Walikuja na mapanga na mchi wa kutwangia. Walipofika ndiyo kwanza Mzee anasema tena, "Mikono juu," na wao wakainua, na mchi ukiwa juu vilevile. Kutokea siku hiyo jina lake halisi limebaki kwenye karatasi za ofisi tu. Mtaani, sokoni, hata kwa daktari wa meno, yeye ni Mzee Mikono-Juu. Nyumbani kwangu, mwanangu mkubwa hakubali nikate mkate mpaka yeye na mwanasesere wake wainue mikono.

Kazi yake ilikuwa kukata, lakini alikuwa na mambo yake mengine. Vipande vinavyobaki baada ya kukata, vyembamba kama utepe, alikuwa akivitenga na kuvigundisha viwe vijitabu vya kuandikia, vidogo kama kiganja, akiwagawia watoto wanaopita wakitoka shule. Fundi cherehani wetu anakiri hadharani kwamba hadithi yake ya kwanza ya mapenzi aliiandika kwenye kijitabu cha aina hiyo akiwa darasa la sita, na mwalimu alimkamata, akaisoma yote kabla ya kumwadhibu.

Halafu kulikuwa na ugomvi wa pambizo. Pambizo ni ile nafasi nyeupe inayoachwa kuzunguka maandishi. Mkurugenzi wetu anataka iwe nyembamba ili karatasi zitoshe. Mzee anataka iwe pana, hasa upande wa ndani, karibu na mgongo wa kitabu. Walibishana hilo tangu mimi sijazaliwa. Mkurugenzi anasema wasomaji wanafuata maneno, hawafuati weupe. Mzee anasema kitabu ni kama nguo ya mtoto, unaacha upindo. Mkurugenzi humwita mtetezi wa nafasi tupu. Mzee humwita mama kubana. Kila kitabu kipya ugomvi ulianza upya, na mara nyingi Mzee alishinda, kwa sababu rahisi kwamba mwenye kisu ni yeye.

Sheria yake ya pili hatukuipenda kama ya kwanza. Asubuhi husimama chumba cha kati na kikombe chake cha chai, anatutazama nyuso mmoja mmoja tukiingia. Aliyekesha, iwe kwa msiba, sherehe, jino au ugomvi wa ndani, anaambiwa, "Leo wewe ni wa kukunja." Haulizi sababu na hataki kuelezwa. Unakaa kwenye meza ndefu, unakunja, hata karibu na mashine husogei. Siku moja ilimwangukia mkurugenzi. Alikunja mpaka mchana, miwani juu ya kichwa, simu ikawa inaletwa mezani.

Mimi niliporudi kutoka likizo ya uzazi nilikunja miezi. Mwanangu mdogo alizaliwa akiwa hajaambiwa kwamba usiku ni wa kulala. Mzee alikuwa amekwisha kunifundisha mashine kabla sijajifungua, na nilikuwa naimudu. Nikamwambia, Baba, mikono yangu inaijua kazi hii. Akanijibu, "Mikono inajua. Macho bado yako kwa mtoto." Nilimnunia wiki nzima. Naye wiki hiyo akaniletea chai kila siku, nikainywa nimenuna vilevile. Kununa na chai havigombani.

Sasa hapo ndipo palipoanza hofu yetu. Mzee alipaswa kustaafu mwaka jana. Siku ilipokaribia alimwendea mkurugenzi akasema hawezi kuacha kisu bila mtu, na mtu mwenyewe bado anasinzia. Akaomba kuongezewa muda. Mkurugenzi akashukuru Mungu, akakubali siku ileile. Mkewe hakukubali. Alikuja mwenyewe ofisini, akaketi chumba cha mbele, mkoba magotini. Akasema bila kupandisha sauti, "Miaka yote hii nimekagua mikono jioni kwa jioni. Nilikuwa najua mwisho wake ni lini. Sasa mnaniongezea. Kidole kikianguka kwenye nyongeza hii, nani kati yenu atakibeba aniletee?"

Kutoka nyuma ikasikika sauti, "Mikono juu." Tukainua. Yule mama akaweka mkoba chini, naye akainua. Kisu kiliposhuka na kupanda, akaokota mkoba wake, akapita kwenye meza yangu, akaniambia, "Na wewe mwanangu, mlaze huyo mtoto."

Kwa hiyo mwaka mzima tuliishi hivyo. Kila pedali ilipokanyagwa, nyumba nzima ilikuwa inatazama vidole vya mtu mmoja. Mzee alikuwa amesogea umri, anasimama muda mrefu, na miaka yake yote ya usalama sasa ilikuwa inategemea usingizi wa mtoto mchanga. Nilijitahidi. Nilijaribu maziwa, nilijaribu nyimbo, nilijaribu kumbeba mgongoni mpaka kuta za nyumba zikanizoea. Asubuhi Mzee ananitazama, anatikisa kichwa. Nakwenda kukunja.

Kazi ya mwisho aliyopangiwa kuikata ilikuwa kitabu cha mkunga wetu, mama aliyewapokea watu wengi wa mtaa huu, mimi nikiwemo. Ameandika maswali ambayo wanawake humuuliza mkunga kwa sauti ya chini, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake mwenye swali hilo, na majibu yake. Vitabu vilikuwa vimeshonwa, vimevishwa majalada, vimepangwa kwenye marundo, vinangoja kukatwa kingo tu. Siku ya uzinduzi ilikuwa imeshatangazwa.

Asubuhi ya kukata, Mzee aliingia na macho mekundu na tabasamu lililokataa kufungika. Binti yake alikuwa amejifungua alfajiri. Mjukuu wa kwanza. Alikuwa amekesha kwenye benchi la hospitali na mkewe, na mkunga wetu alikwenda nao kuwashika mkono. Tukamshangilia, tukapeana mikono, mkurugenzi akatoa biskuti. Kisha Mzee akamimina chai, akatutazama nyuso. Akanitazama mimi, akanitazama tena. Usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, mwanangu mdogo alikuwa amelala mpaka asubuhi. Mzee akatikisa kichwa kwa namna nyingine, akaenda kwenye mashine.

Nikamfuata. Nikamwambia, "Baba, leo wewe ni wa kukunja."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno hilo. Akacheka, akasema, "Hii ni furaha, mwanangu, siyo usingizi." Nikamwambia kwamba uchovu hauulizwi sababu, na kwamba hilo sikulisoma popote, amenifundisha yeye. Akasema mkunga anangoja vitabu vyake, na kwamba siku aliyopata mjukuu anataka akate yeye, kisha atakunja mpaka tumchoke. Nikarudia maneno yangu. Naye akarudia ya kwake. Nilimtazama mkurugenzi anisaidie, mkurugenzi akatazama dari. Mzee wa watu ana miaka thelathini na minne kwenye kisu, amepata mjukuu, utamwambia nini.

Akaanza. "Mikono juu." Tukainua. Mimi nilisimama jirani naye nikitazama vidole vyake, sikutazama kingine. Mkurugenzi alitoka mbele akaja kutazama vidole. Hata aliyekuwa akifagia aliegemea ufagio akatazama vidole. Rundo la kwanza likakatwa, vidole vipo. La pili, vipo. Aliendelea hivyo, kwa ule mwendo wake wa siku zote, mpaka nusu ya vitabu ikawa imepita. Vidole vyote vilikuwepo. Nikashusha pumzi, nikainua rundo nilipeleke mezani.

Kitabu cha juu kikanimwagikia kama karata.

Niwaeleze wasiojua. Ndani ya mashine kuna ukuta mdogo wa chuma. Mgongo wa kitabu, pale kiliposhonwa, huegemea ukuta huo, na upande unaofunguka ndio unaokaa chini ya kisu. Ukiligeuza rundo, kisu kinakula mgongo. Unabaki na jalada mbele, jalada nyuma, na kurasa zisizojuana. Mzee alikuwa ameyageuza marundo yote aliyoyakata. Tulipoinama kwenye kapu chini ya mashine, badala ya vipande vyeupe mlikuwa na migongo ya vitabu, uzi wake bado umo, na jina la mkunga limeandikwa juu ya kila mmoja. Katika nyumba nzima, macho yote yale, hakuna aliyekuwa anatazama vitabu.

Mzee alizima mashine. Akatazama kapu, akatazama mikono yake kana kwamba angependa kumlaumu mtu mwingine. Akachomoa ufunguo, akaja chumba cha kati, akaketi kwenye meza ya kukunjia, mahali pangu. Akachukua karatasi isiyohitaji kukunjwa, akaikunja. Ufunguo akausukuma mezani upande wangu. Akasema, "Aliyelala ni wewe." Kisha akaongeza kwamba tusimfanyie sherehe. Kazi ya mwisho ya mtu ndiyo jina lake, akasema, na jina lake liko kwenye kapu. Atatoka kwa mlango wa nyuma.

Yeye mwenyewe ndiye aliyenilazimisha nieleze haya. Alisema nikiyaruka, haji.

Mkurugenzi alimpigia simu mkunga kwa sauti ya kutangaza msiba. Mkunga akaja na kandambili miguuni, alama ya mto shavuni. Alitazama kapu, akatoa mgongo mmoja, akausoma. Swali lake la kwanza lilikuwa neno moja, "Vidole?" Tukamwambia vipo vyote. Akavuta kiti, akaketi mkabala na Mzee.

"Babu mpya," akamwambia, "mimi nimekata vitovu maisha yangu yote. Ukishakata, hutazami kilichoanguka. Unasikiliza nani anapumua." Akamgeukia mkurugenzi akauliza, "Maneno yangu yapo?"

Tukachukua kitabu kimoja, tukakifungua, au tuseme tukakitandaza, tukasoma. Maneno yalikuwepo. Ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, hakuna hata herufi iliyoguswa. Kisu kilikuwa kimekula weupe mtupu, ile pambizo pana ya ndani, na weupe mwingine ulibaki wa kutosha kugundishia. Tulimtazama mkurugenzi sote. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akasema, "Mimi suala la pambizo nimelifunga." Mkunga ndiye aliyeanza kucheka. Mzee alikuwa wa mwisho, lakini alicheka, mpaka akalazimika kushika meza.

Mkunga akamwamuru aende nyumbani akalale. Akasema usiku ule walikesha wote wawili, lakini yeye alipotoka hospitali alikwenda kitandani, na huyu akaja kwenye kisu, kwa hiyo kati yao mwenye akili anajulikana. Mzee akaenda. Mlangoni mkewe akamwambia, "Leta." Akaleta. Akamwambia, "Nimeharibu kitabu." Mkewe akamjibu, "Sikukuuliza kitabu." Mama huyo alinisimulia mwenyewe, na akasema kwamba baada ya hapo Mzee alilala mpaka kesho yake.

Sisi tulibaki na kazi. Tulipanga kurasa, tukazibana chini ya mawe, tukapaka gundi mgongoni, tukavisha majalada mapya. Ile nusu iliyosalimika tuliipunguza ilingane na wenzake. Nilikata mimi. Niliposema "Mikono juu" kwa mara ya kwanza, mikono yote iliinuliwa. Na tangu siku hiyo wito wetu una sehemu mbili. Baada ya mikono, mkataji anasema, "Mgongo?" na mwenzake anainama, anatazama rundo, anajibu, "Ukutani." Ndipo pedali.

Kitabu kilitoka chembamba kuliko vyote tulivyowahi kutoa. Siku ya uzinduzi mkunga alikitia kwenye mfuko wa gauni lake la kazi, kikaingia, akakitoa, akakitia tena, akauliza kwa nini vingine vyote tumekuwa tukivifanya vipana kama sinia. Wanawake wanakwenda nacho kliniki. Kinajificha vizuri, na maswali yenyewe ni ya kujificha. Sasa ameagiza toleo la pili, na sharti lake ni kwamba upana usibadilishwe hata kidogo.

Mzee alirudi baada ya siku chache, akaomba achukue likizo zake zote zilizolala, zimfikishe kwenye tarehe ya kustaafu. Mjukuu ana kazi nyingi, alisema. Lakini kila asubuhi hupita mlango wa mbele na kikapu cha sokoni. Haingii. Ananitazama uso kutoka kizingitini, anasema "Kata," au anasema "Kunja," huyo anaondoka. Na mimi hufuata. Juzi alisema "Kunja" nikataka kubisha, nikakumbuka nani aliyebisha mara ya mwisho.

Baba, umetufundisha kupumzisha karatasi msimu wa unyevu, kupaka kisu mafuta jioni chumvi isikile, kuacha upindo kwenye kitabu, na kumwambia mkubwa ukweli usoni hata kama hatasikia. Hilo la mwisho hukulikusudia, lakini tumelichukua. Waandishi wa mji huu wana vitabu vilivyonyooka kwa sababu ya mkono wako. Sisi tuna mikono iliyokamilika kwa sababu ya mdomo wako. Hakuna hata mmoja aliyepita kwako akatoka na pungufu, na kwa kazi hii yetu sijui kama kuna zawadi nyingine ya kuizidi hiyo. Ahsante. Nenda ukambebe mjukuu, na ukilala mchana usijitetee kwa mtu.

Ijumaa hotuba zitakuwa fupi, mkurugenzi ameahidi. Kisha kuna jambo moja. Miaka yote hii, kila ulipotuinulisha mikono, mtu mmoja tu humu ndani hakuwahi kuinua ya kwake, kwa kuwa alikuwa ameiweka nyuma ya mgongo akitukagua sisi. Yako ilikaguliwa nyumbani. Kwa hiyo tumemwalika mkeo, na kiti chake kitakuwa mbele kabisa, palipo na mwanga. Rundo la toleo la pili litakuwa mezani kwa mashine, mgongo ukutani. Mimi nitakuwa kwenye pedali, na nimeahidiwa usingizi na mama mkwe wangu anayekuja kulala na watoto. Wewe utasimama na wenzako chumba cha kati.

Nitasema, "Mikono juu," nawe utainua. Nitangoja mkeo aitazame, kichwa chake kiitikie. Ndipo nitakapokanyaga.